Maplagini ya Windows ku Linux: vile tunaitumikishaka hapa Lubumbashi

Juzi mudogo mumoja wa klavye alinifikia hapa Katuba na laptop mu sakado, uso kama mutu anatoka ku matanga. Ile masini aliinunua okazio, ilikuya na Linux ndani, na yeye mwenyewe anakubali kama iko muzuri, inawaka mbio, virusi ya maflashi haimusumbuake tena. Sasa anataka nini? Anataka nimurudishie Windows. "Yaya, reverbi yangu haifungukake mu Linux, na bila ile reverbi sauti ya bamama ba kwaya inabaki kavu kama sombe bila mafuta." Reverbi ni plagini, yaani kaprogramu kenye kuingia ndani ya programu ya kurekodi; hii inapatia sauti mwangwi. Nikamuambia kaa kwanza, weka laptop pale ku meza, uko na mega ngapi mu simu?

Hapa naandika kila kintu tulifanya ile siku, pamoja na ujinga yangu ya zamani, juu batu bananiulizaka ile ile swali kila mwezi na nilisha kuchoka kuijibu mu sauti ya WhatsApp.

Kwanza uelewe nini inazuia. Plagini ya Windows, hata kama jina yake inamalizikia na .vst3 sawasawa na ile ya Linux, mu tumbo yake iliandikwa juu ya Windows. Ikitaka memori inaomba Windows, ikitaka kufungua dirisha yenye mabutoni inaomba Windows, ikitaka kusoma preseti inaomba Windows. Linux haisikie ile luga hata kidogo. Njo Wine inaingia. Fikiria ibada ya siku ya yenga, muhubiri mugeni anasema Kiingereza, mutafsiri anasimama pembeni, kila sentensi ikitoka anairudilia mu Swahili palepale na kanisa yote inaitika amina bila kujua Kiingereza. Wine njo mutafsiri. Haijengake Windows nzima ya bandia mu masini yako, inapokea paka maombi ya plagini na kuipeleka ku Linux mu luga Linux inajua, njo maana haikulake memori sana. Ile kazi ilianza 1993, kwa hiyo si mutoto.

Lakini mutafsiri peke yake haitoshe. REAPER yako, programu ya kurekodi, iko ku upande ya Linux, plagini iko ku upande ya Wine, katikati kuko ukuta. yabridge, programu ya bure ya Robbert van der Helm, njo kamba ya mikro inapita mu ule ukuta. Inaweka ku upande ya Linux kipande kadogo, REAPER inakiona kama plagini ya Linux ya kawaida, kile kipande kinawasha programu ingine ndani ya Wine, na ile njo inafungua plagini ya kweli, kisha zote mbili zinapitishana sauti mu memori moja. Inakubali aina tatu za maplagini, VST2, VST3 na CLAP, na hata ile maplagini ya zamani ya biti 32 inafunguka mu programu ya biti 64, kintu Windows yenyewe mara mingi inakushindaka kama hauna daraja ingine.

Mbele ya kukula mega

Uliza kama unaihitaji kweli. Hapa njo batu banapotezaka wakati, banapigana siku tatu na Wine juu ya plagini yenye iko na ndugu yake ya Linux kabisa. Vital iko ku Linux. Surge XT iko. Decent Sampler iko. Kama unatafuta ile sauti ya klavye ya makanisa ya miaka ya 80, ile piano ya kioo yenye kila mutu anaijua, Dexed iko, na imefwata Yamaha DX7 ya 1983 vizuri sana. Kompresa na ekwalaiza, chukua LSP na usiangalie nyuma. Na kama unarekodi gita ya kikatanga, ile ya kupiga na kidole gumba na kidole ya shahada tu, Guitarix inakupatia amplifaya ya kutosha, mimi mwenyewe sijaona sababu ya kuingiza Windows juu ya gita.

Mudogo nilimuwekea Dragonfly Reverb, aliisikiliza dakika makumi mbili na kaske, akageuza geuza, akasema iko muzuri lakini haiko ile. Sikio ya mutu haibishanake. Alikuwa anataka Valhalla Supermassive, ile ya bure, na ile kweli iko paka ya Windows na Mac. Haya, tuingie.

Kintu kimoja ingine mbele: angalia vile uliinstale programu yako ya kurekodi. Kama uliichukua mu Flatpak, achana nayo, juu Flatpak inafungia programu mu chumba yake na yabridge haiwezi kufungua mulango. Chukua REAPER ku saiti yao, ao Bitwig, ao Ardour ya kawaida. Na weye wa FL Studio, najua muko bengi huku, hadisi yako iko tofauti: FL yenyewe iko ya Windows, unaifungua yote nzima ndani ya Wine, na maplagini inafunguka ndani yake bila yabridge. Inatumika, lakini sauti ya kuingia, yaani kurekodi mikro, inakudai WineASIO (draiva ya sauti ya Wine) na uvumilivu. Kwa kwaya mimi nachagua REAPER ya Linux.

Wine gani

Mambo yote inalala hapa, kwa hiyo soma polepole. Usichukue Wine yoyote. Kuanzia Wine 9.22 kuko kintu ilibadilika mu vile madirisha inapangwa, na yabridge 5.1 haipatane nayo: unaklike ku butoni ya "mix", plagini inasikia kama umeklike sentimeta tano pembeni, menyu inafungukia huko. Batu wengi banafikiri plagini imeharibika, ao mausi. Hapana. Ni version ya Wine. Ile yenye inatulia ni Wine staging 9.21, na ukishaipata unaifunga na kufuli ili sasisho isiibebe.

Masini ya mudogo iko na Ubuntu Studio 24.04, jina ya ndani "noble". Kama yako ni 22.04, pale nimeandika noble weka jammy. Fungua terminali (dirisha ya kuandika amri):

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo mkdir -pm755 /etc/apt/keyrings
sudo wget -O /etc/apt/keyrings/winehq-archive.key https://dl.winehq.org/wine-builds/winehq.key
sudo wget -NP /etc/apt/sources.list.d/ https://dl.winehq.org/wine-builds/ubuntu/dists/noble/winehq-noble.sources
sudo apt-get update

Kisha hii, mustari mumoja, usiikate:

sudo apt-get install --install-recommends winehq-staging=9.21~noble-1 wine-staging=9.21~noble-1 wine-staging-amd64=9.21~noble-1 wine-staging-i386=9.21~noble-1

Na kufuli:

sudo apt-mark hold winehq-staging wine-staging wine-staging-amd64 wine-staging-i386

Umeona nimeandika apt-get, si apt? Si uzee. Ile "apt" mupya ikimaliza kuinstale inafutaka paketi zenye ilitelesharje, lakini apt-get inaziacha mu /var/cache/apt/archives. Wine na bandugu zake bote ni mamia ya mega, na hapa kwetu forfe inalipwa na jasho. Ukimaliza unakopia ile mafaili ya .deb mu flashi, unapelekea murafiki mwenye iko na Ubuntu sawa na yako, yeye anaingia mu ile folda na kuandika "sudo apt-get install ./*.deb" na hakule hata mega moja. Ile flashi yangu ilisha kuzunguka Katuba, komini ya Kenya mpaka Ruashi, sijui hata iko kwa nani sasa.

Ukimaliza, andika "wine --version". Inapaswa kukujibia wine-9.21 (Staging). Ikikujibia kintu ingine, simama hapo, usiendelee, rudilia.

Kisha andika "winecfg" mara moja. Inatengeneza folda ya siri .wine mu nyumba yako, njo "disiki C" ya uongo yenye maplagini itaamini ni Windows. Itakuuliza kama uongeze Mono. Kama mega iko nyingi kubali, kama iko kidogo kataa, utaiongeza siku kuko instaleri itaidai.

yabridge yenyewe

Hii njo nyepesi. Telesharje faili ya tar.gz ku ukurasa yao ya GitHub, ile kubwa yenye jina yabridge na version, si ile ya yabridgectl peke yake. Kisha:

mkdir -p ~/.local/share
tar -C ~/.local/share -xavf ~/Downloads/yabridge-5.1.1.tar.gz

Masini ya mudogo ilikuwa mu Kifaransa, kwa hiyo folda yake si Downloads, ni Téléchargements, tukapoteza dakika kumi tunatukana terminali yenye haina kosa. Angalia yako.

Ili usiandike njia ndefu kila mara, ongeza huu mustari ku mwisho ya faili ~/.bashrc, funga terminali, fungua ingine:

export PATH="$PATH:$HOME/.local/share/yabridge"

Sasa plagini. Supermassive inakuya mu zipu, ndani kuko .exe. Ifungue na Wine:

wine ~/Downloads/jina-ya-instaleri.exe

Dirisha ya kuinstale inafunguka kama mu Windows, na hapa mudogo alicheka, anasema "kumbe iko hapa hapa". Ikikuuliza aina, chagua VST3, toa alama ku zingine. Usibadilishe folda, hata kama unajiona mujanja, acha ile instaleri inapendekeza, juu sasa hivi utamuonyesha yabridge palepale:

yabridgectl add "$HOME/.wine/drive_c/Program Files/Common Files/VST3"
yabridgectl sync

Zile alama za kunukuu usizisahau, juu "Program Files" iko na nafasi katikati na bila alama terminali inaona folda mbili. Kama uko na VST2 pia, ongeza folda yake, mara mingi ni "Program Files/Steinberg/VstPlugins", na kisha sync tena. "add" unafanya mara moja kwa kila folda. "sync" unafanya kila mara umeinstale plagini mupya, na ukifuta plagini andika "yabridgectl sync --prune" ili mizoga isibaki.

Usikopie faili ya .vst3 ya Windows wewe mwenyewe na kuitupa mu ~/.vst3. Naona batu banafanyaka vile, kisha banasema yabridge haitumike. yabridge yenyewe inajenga bipande byake mu ~/.vst3/yabridge na ~/.vst/yabridge, na ya kweli inabaki mu .wine palepale ulipoiinstale. Ukitaka kuona hali, "yabridgectl status" inakuonyesha kila plagini na kama imepatana.

Fungua REAPER, ingia ku mapreferansi, upande wa VST, hakikisha ~/.vst na ~/.vst3 iko mu orodha, skani. Mara ya kwanza plagini kufunguka inachukua sekunde kadhaa, juu Wine yote inaamka. Ya pili inaenda mbio.

Ilifunguka. Dirisha ya bluu, mabutoni yote, tukaiweka ku trake ya bamama, na mudogo akavaa kaske. Nikamuona anafunga macho. Kisha akafungua macho: "Yaya, inapasukapasuka."

Sauti inapasuka kama mahindi ku mafuta ya moto

Hii iko sehemu yenye batu banaachiaka, na si haki, juu dawa iko mepesi kama unajua kwenye inauma. Sauti inatembea mu bipande. Ku sampo (bipimo bidogo bya sauti) 48000 kwa sekunde moja, ukisema kipande kikuwe na sampo 128, masini iko na milisekunde 2.7 ya kumaliza kazi yote ya kile kipande: trake zote, plagini zote, kwenda Wine na kurudi. Ikichelewa hata kidogo, shimo, na ile shimo njo unaisikia "pa". Ukiweka 256 inapata milisekunde 5.3, ukiweka 1024 inapata 21. Kwa kurekodi, mwimbaji anajisikia mu kaske, 1024 itamuchanganya, anaimba nyuma ya ngoma. Kwa kumiksi hakuna mwimbaji, kwa nini unajitesa na 128? Panda mpaka 1024 na ulale.

Kama uko na PipeWire, ile yenye kupitisha sauti mu Linux, na Ubuntu za sasa ziko nayo, unabadilisha bila kufunga kintu:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 1024

Ukitaka kuirudisha mu hali ya kawaida, pahali pa 1024 unaweka 0. Na fungua terminali ingine uandike "pw-top", utaona safu moja inaitwa ERR. Ile namba ikipanda kila mara unasikia "pa", basi umejua ni masini inachelewa, si plagini mbovu. Ikibaki sifuri na bado unasikia kelele, angalia kamba na kadi ya sauti, usinilaumu.

Lakini namba peke yake haitoshe, masini inapaswa kupewa ruhusa ya kupitisha sauti mbele ya kazi zingine, kama ambulansi ku barabara. Andika "ulimit -r". Ikikujibu 0, hauna ruhusa. Unaingiza jina yako mu kundi ya audio:

sudo usermod -aG audio $USER

na mu faili /etc/security/limits.d/audio.conf kuwe mistari hii miwili:

@audio - rtprio 95
@audio - memlock unlimited

Toka kabisa mu akaunti, rudi, uliza tena "ulimit -r", inapaswa kusema 95. Ubuntu Studio mara nyingi ilisha kukufanyia hii kazi, ya mudogo ilikuwa sawa, kumbe tatizo yake ilikuwa paka ile 128 alikopia mu video moja.

Sasa ujinga yangu. Siku za mwanzo nilikuwa na projekti ya kwaya ya nyimbo sita za kumaliza, mchana sauti inaenda safi kabisa, saa moja ya magaribi inaanza kupasuka. Kila siku. Nilibadilisha Wine, nilifuta yabridge, nilirudisha, wiki mbili nzima nikaitukana mbele ya batoto. Kisha siku moja delestaje (kukatwa kwa umeme) ilikuya mchana, na palepale, mu sekunde ile taa imezimika, sauti ikaanza "pa pa pa". Njo nikaelewa. Umeme ikienda, na magaribi njo ilikuwa inaendaka, laptop inaingia ku bateri, na ku bateri yangu inajiweka mu hali ya kuchunga nguvu, prosesa inapunguza mwendo, na plagini zenye zilikuwa zinamaliza kazi kwa shida sasa hazimalize tena. Wine haikuwa na kosa hata moja. Uliza masini yako:

powerprofilesctl get

Ikisema power-saver, iambie:

powerprofilesctl set performance

(kama haina performance, weka balanced). Ndiyo, bateri itaisha mbio. Kwa hiyo mupango yangu ni huu: umeme ikiwa iko, nafanya trake zenye plagini nzito na nazifrizi, yaani REAPER inazigeuza kuwa sauti ya kawaida na plagini inalala, kisha umeme ikienda naendelea na bintu byepesi, kukata, kupanga, volumu. Freeze inakusaidia pia ukipeleka projekti kwa mutu mwenye hana ile plagini. Usisahau unaweza kufungua tena na kubadilisha.

Memori sasa. Plagini za VST2, kila moja yenye unafungua yabridge inaiwashia programu yake peke yake ndani ya Wine. Muzuri, juu moja ikianguka zingine zinabaki, lakini kumi na tano kwa masini ya jiga 4 ni mambo ingine. Unaweza kuziweka mu nyumba moja: tengeneza faili yabridge.toml ndani ya ~/.vst/yabridge na uandike

["*.so"]
group = "kwaya"

na zote zinakaa pamoja. Hatari yake: moja ikianguka, zote zinaanguka. VST3 haina sana hii shida, juu kopi zote za plagini moja ziko pamoja toka mwanzo. Kwa sababu hiyo kama plagini iko na VST2 na VST3, mimi nachukuaka VST3.

Madirisha nyeusi na zingine zenye kukataa

Plagini inafunguka, sauti inatoka, lakini dirisha iko nyeusi ao nusu nyeusi. Mara mingi ni grafiki. Jaribu "winetricks dxvk" (winetricks ni kaprogramu ka kuongeza bintu ndani ya Wine) kama kadi yako ya video iko na Vulkan, laptop nyingi za okazio za kizamani sana hazina. Ao ingia mu winecfg, ku sehemu ya Libraries, andika d2d1, ongeza, kisha ifunge iwe disabled. Moja kati ya hizi mbili ilinitoaka mara mingi. Herufi zikikosa ao zikionekana kama matofali, "winetricks corefonts".

Plagini imeganda na REAPER nayo imeganda? Funga, kisha "wineserver -k" inafagia kila kintu ya Wine yenye imebaki inazunguka. Ukitaka kujua nani alifanya makosa, fungua REAPER mu terminali hivi:

YABRIDGE_DEBUG_LEVEL=1 reaper

na usome mistari ya mwisho mbele haijaanguka, mara nyingi jina ya plagini na faili yenye inakosekana iko pale wazi.

Ziko zenye hazitakubali, na muzuri nikuambie mapema. Ile maplagini yenye leseni yake inadai draiva ya Windows kabisa chini ku mizizi, ao kifunguo cha USB cha iLok, usipotezee siku. Wine inatafsiri maombi ya programu za kawaida, draiva za ndani ya moyo ya Windows haizibebi. Zenye kudai paka namba ya seri ao kuingia na imeli, hizo mara mingi zinapita.

Na zile za kuvunjwa, zenye zinatembea mu maflashi mu mji wote, sitafanya hubiri. Nasema kintu kimoja ya kazi: Wine inaonyesha disiki yako yote kwa jina ya Z:, kwa hiyo programu mubaya ikifunguliwa ndani ya Wine inaona folda yako ya nyumba, mapicha, maprojekti, yote. Linux haitakukinga pale, juu ni weye mwenyewe umeifungulia mulango.

Kintu ya mwisho tulifanya na mudogo ilikuwa kuchunga. Ukisha kuona kila kintu inatumika, funga REAPER, andika wineserver -k, kisha:

tar czf wine-muziki.tar.gz -C ~ .wine

ile faili unaitupa ku disiki ya inje. Siku umeinstale kintu ya ovyo na Wine imechafuka, unafuta .wine, unafungua ile faili pale pale, na plagini zote zinarudi na mapreseti yake, na leseni zingine pia, bila kutelesharje hata mega. Yake ilitoka jiga moja na kidogo. Ilikuwa tayari saa mbili ya usiku, umeme ilikuwa ingali, tukaweka Supermassive ku mix asilimia kumi na nane, tukakata besi yote chini ya 200 Hz mbele ya reverbi ili isijaze matope, na sauti ya ule mama wa pembeni, mwenye kuimbaka alto na kuchelewa kidogo kila mara, ikaanza kukaa mahali pake. Mudogo akauliza kama kuko plagini ya kumuwahisha.